Maharagwe Yaliyofika Mwezi wa Kumi

Kila asubuhi Nyirabahire alifagia uwanja, akawasha moto, kisha akawaamsha watoto wake wawili, Ntwari na Uwizeye. Mume wake, Kabanda, alikuwa ameshaamka. Hiyo ilikuwa desturi yake tangu ujana. Kule milimani, Kivu ya Kusini, nchini Kongo, alikuwa akiamka kukamua ng'ombe kabla jua halijatoka. Hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, hakuwa na ng'ombe hata mmoja, lakini macho yake hayakujua hilo. Yalifunguka saa ile ile.

Ng'ombe wao walibaki kwenye vita. Wao wenyewe walifika Uganda na nguo walizovaa, Biblia moja, na mtoto mgongoni. Serikali iliwapa mahali pa kujenga na kipande cha shamba. Kabanda hakuwa mkulima. Siku za mwanzo jembe lilimtoa malengelenge mikononi. Alivumilia, akajifunza. Walipanda mahindi na maharagwe mara mbili kwa mwaka, kama majirani zao. Jumapili walikwenda kanisani kumshukuru Mungu kwamba wako hai.

Zamani kulikuwa pia na msaada wa chakula. Mwanzoni ulitosha. Baadaye ulipungua. Kisha ukapungua tena. Mwishowe familia nyingi ziliambiwa kwamba hazitapewa tena, na familia ya Kabanda ilikuwa mojawapo. Wakati huohuo bei ya unga na sabuni ilipanda madukani. Hakuna aliyejua mwezi ujao utakuwaje.

Mwezi wa kwanza mwaka ule walivuna maharagwe mengi. Waliyatia kwenye magunia na kuyaweka ndani ya nyumba. Baada ya wiki chache Nyirabahire aliingiza mkono ndani ya gunia. Mkono ulitoka na vumbi jeupe. Maharagwe yalikuwa na matundu madogo, na wadudu walitembea juu ya vidole vyake. Walikuwa fukusi.

Ilikuwa hivyo kila msimu. Kwa hiyo walifanya kama walivyofanya kila msimu. Waliuza upesi, kabla wadudu hawajamaliza kila kitu. Majirani nao waliuza upesi. Mnunuzi alikuja na gari kutoka Rwekubo, mji mdogo wa karibu. Alijua kwamba watu wana hofu, akataja bei ndogo, nao wakakubali. Pesa ile ilikwisha haraka. Mwezi wa nne ulipofika, mvua ilikuwa inanyesha, shamba lilikuwa la kijani, na ndani ya nyumba hapakuwa na kitu cha kupika. Nyirabahire alikuwa na mimba kubwa.

Ndipo Kabanda alipofanya uamuzi.

"Mama Ntwari," alimwambia mke wake, "kuko mutu mumoja anaitwa Kezironi. Ana ng'ombe mingi, njia ya kwenda Mbarara. Anatafuta muchungaji. Ile kazi naijua. Acha niende, batoto bapate kukula."

Nyirabahire hakutaka kubaki peke yake wakati ule. Lakini alitazama sufuria tupu, akaanza kumfungia nguo zake. Kabanda aliondoka siku iliyofuata.

Kule kwa Kezironi, Kabanda alifurahi mwanzoni. Ng'ombe walikuwa wa pembe ndefu, wakubwa, wazuri. Aliwapa majina kwa lugha ya kwao. Aliwatoa kupe, akawapeleka majini, akazungumza nao. Siku nyingine alisahau kwamba si wake.

Kezironi hakuwa mtu wa kutukana wala kupiga. Kila mwisho wa mwezi alituma unga kwa Nyirabahire kwa pikipiki, kama walivyopatana. Lakini alikuwa amezoea kuamua mambo yote. Siku ya kwanza alimwomba Kabanda kadi yake ya mkimbizi. Alisema ataitunza ndani ya nyumba isipotee. Kabanda alimpa. Jumapili ya kwanza Kabanda aliomba ruhusa ya kwenda kanisani. Kezironi alisema ng'ombe hawajui Jumapili. Kabanda aliomba kwenda nyumbani mwisho wa mwezi. Kezironi alisema labda mwezi ujao.

Mwezi wa tano Nyirabahire alijifungua mtoto wa kike. Mama mmoja wa kanisa alimpigia Kabanda simu kumpa habari. Alisema mama na mtoto ni wazima, na kwamba siku ya kumpa mtoto jina inakaribia. Kwa desturi yao, baba ndiye anayemshika mtoto na kutaja jina mbele ya watu.

Kabanda alikwenda kwa Kezironi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaeleza. Kezironi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hongera," alisema. "Lakini wewe nakwenda, nani nakamua ng'ombe? Kama nakwenda, hapana rudi tena. Na unga ya watoto, sahau."

Kabanda alirudi zizini. Alifikiri siku nzima. Angeweza kuondoka. Mguu wake haukufungwa kamba. Lakini kila alipowaza njia ya kwenda nyumbani, aliona sufuria tupu mwisho wa njia hiyo. Basi alibaki.

Siku ya jina ilifanyika bila yeye. Simu iliwekwa katikati ya mkeka. Mtandao ulikuwa mbaya, sauti yake ilikatika mara kwa mara, na ilibidi arudie. Jina alilolitaja lilikuwa Munezero, maana yake furaha. Wanawake wa kanisa walipiga makofi. Nyirabahire alimbeba mtoto akatabasamu kwa ajili ya wageni. Walipoondoka, alilia.

Mwezi wa saba maharagwe mapya yalikuwa tayari. Nyirabahire na watoto waliyavuna, na wanawake wa kanisa waliwasaidia. Alipopata gunia la kwanza alilipeleka Rwekubo sokoni siku ileile, kwa kuwa aliogopa wadudu. Munezero alikuwa mgongoni.

Sokoni alikutana na mnunuzi ambaye hakuwahi kumwona. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenyeji wa Uganda, mchangamfu, aliyevaa makoti mawili. Jina lake lilikuwa Kobusingye. Mume wake, Jonan, alikuwa askari katika kambi ya Makenke, Mbarara. Mshahara wa mume haukutosha, kwa hiyo Kobusingye alinunua maharagwe vijijini na kuwauzia familia za askari. Alizungumza Kiswahili cha askari wa kambini.

Kobusingye aliingiza mkono mpaka chini ya gunia. Alitoa maharagwe machache, akayatazama, akauma moja. Halikuvunjika. Lilibonyea tu.

"Mama, hii mimi hapana nunua," alisema kwa upole. "Iko na maji ndani. Na angalia hapa, fukusi ameanza kutoboa. Mimi nauzia askari hii, kesho nakuja kwangu na kelele."

Nyirabahire alisema kwamba anajua. Alieleza kwamba wadudu huja kila mwaka, na ndiyo sababu wao huuza mbio, kwa bei yoyote. Alieleza kwamba mwezi wa nne walikosa chakula. Alieleza pia habari za mume wake, na kadi yake, na siku ya jina. Hakuwa amekusudia kusema mengi kwa mtu asiyemjua, lakini Kobusingye alikuwa ameketi juu ya gunia akisikiliza kama mtu asiye na safari.

Alipomaliza, Kobusingye aliuliza: "Nyabo, mama, kwako nyumbani, nani naamua siku ya kuuza maharagwe?"

"Ni mimi na bwana yangu," alijibu Nyirabahire.

"Hapana. Ni fukusi. Yeye nasema uza leo, wewe nauza leo. Yeye nasema bei ndogo, wewe nakubali bei ndogo. Halafu njaa nakuja, na mtu mwingine naamua siku ya mzee wako kurudi nyumbani. Fukusi ni mdogo hivi, lakini kwenu yeye ndiye bosi."

Nyirabahire hakujua acheke au alie. Aliuliza kama kuna dawa ya wadudu hao. Alikuwa amesikia kwamba dawa ni ghali, na kwamba nyingine ni sumu kwa mtu anayekula.

Kobusingye alisema si lazima kununua dawa. Alieleza kwamba kwao, katika wilaya hiyohiyo ya Isingiro, afisa wa kilimo aliwafundisha wanawake njia rahisi, na mama yake anaifuata mpaka leo. Njia yenyewe ni kukausha vizuri, kisha kufunga mahali pasipo na hewa.

"Fukusi napumua kama wewe na mimi," alisema. "Wewe nafunga hewa, yeye nakufa. Mayai yake pia nakufa. Basi."

Aliahidi kupita nyumbani kwa Nyirabahire wiki ijayo atakapokuja tena kununua. Alimwagiza aandae chumvi, chupa kavu ya kioo, na majerikani yenye vifuniko vizuri. Kabla hawajaachana aliongeza jambo moja. Alisema kadi ya mtu ni ya mtu mwenyewe. Mwajiri hana haki ya kuishika, hata kama anasema anaitunza. Mkimbizi katika Uganda ana ruhusa ya kufanya kazi na ruhusa ya kuacha kazi, kama mtu mwingine. Kezironi akikataa, Kabanda aende kwa mwenyekiti wa kijiji.

Wiki iliyofuata Kobusingye alifika kweli. Jirani mmoja, Marcienne, alikuja kuangalia. Kobusingye aliondoa koti la juu, akaanza kazi.

Kwanza alitazama mahali maharagwe yalipoanikwa. Yalikuwa juu ya udongo. Alisema udongo una unyevu, nao hupanda ndani ya maharagwe usiku. Walitandika turubai, wakayamwaga juu yake, wakayatandaza yawe membamba. Waliyageuza mara nyingi. Jioni waliyaingiza ndani. Walichambua yaliyovunjika na yenye matundu, wakayaweka kando yawe ya kula upesi.

Kobusingye alishaondoka. Siku ya kupima ukavu, Nyirabahire alifanya kama alivyoelekezwa. Alitia konzi ya maharagwe ndani ya chupa kavu. Akaongeza chumvi kavu kidogo. Akafunga, akatikisa vizuri, akaiacha chupa ikae kwa muda wa kupika chai. Kisha aliishika juu kwenye mwanga. Chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo kama umande, ishara kwamba maharagwe yana maji.

"Bado," alisema Marcienne.

"Bado," alikubali Nyirabahire. Alikuwa amechoka, na mtoto alikuwa analia. Alitaka kuyafunga hivyo hivyo. Lakini alikumbuka kwamba Kobusingye alimwonya juu ya jambo hilo hasa. Maharagwe yenye maji yakifungwa huota ukungu, na ukungu ni hatari kuliko fukusi. Aliyaanika tena. Alipojaribu upya, chumvi ilianguka chini yote, na kioo kilibaki safi. Aliuma harage moja. Lilivunjika kwa sauti.

Kisha walitayarisha majerikani, ambayo Wakongo huyaita bido. Walitumia yale yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Waliyaosha kwa maji moto na sabuni. Bido iliyowahi kuwekwa petroli au dawa ya shamba hawakuigusa. Walijaza kila moja maji, wakaifunga na kuigeuza kichwa chini, ili waone kama inavuja. Mbili zilivuja. Hizo zilirudi kuwa za kuchotea maji ya kufulia. Nyingine walizikausha kabisa ndani.

Waliacha maharagwe yapoe kivulini. Walikata chupa ya plastiki iwe faneli, wakamimina. Kila mara walitikisa bido ili maharagwe yashuke, wakaongeza mengine, mpaka yakafika mdomoni. Hawakuacha nafasi, kwa sababu penye nafasi pana hewa. Walifunika mdomo kwa kipande cha plastiki, wakakaza kifuniko, wakapaka nta ya mshumaa pembeni. Waliziweka ndani ya nyumba, mahali pasipopigwa na jua.

Gunia moja tu waliliuza, ili wapate sabuni, chumvi na mafuta. Bido moja ilikuwa ya mbegu. Zilizobaki zilikuwa za kula na za kuuza baadaye.

"Usifungue mpaka mwezi mbili zipite," Kobusingye alikuwa amesema. "Wewe nafungua kuangalia, wewe naingiza hewa, fukusi nasema asante."

Nyirabahire alijitahidi. Lakini kulikuwa na bido moja karibu na kitanda, na kila siku chache alikuwa akiifungua kidogo kuchungulia kama wadudu wamekufa. Ile iliharibika. Baadaye yeye mwenyewe alipowafundisha wanawake wengine, alianza na habari ya bido hiyo, na wote walicheka.

Jioni moja Nyirabahire alimpigia mume wake simu. Alimweleza yote. Alitaja bido zote zilizopangwa ukutani. Kabanda hakuamini. Aliuliza mara mbili kama wadudu hawataingia. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba anaogopa. Je, kama bido zote zitaharibika, na kazi ameshaiacha?

Nyirabahire alizitazama bido zile.

"Baba Ntwari," alisema, "chakula iko. Kama unabaki kule juu ya ng'ombe, kwa sababu unabapenda, ubaki, sitakasirika. Lakini kama unabaki juu ya unga, rudi nyumbani."

Kabanda alilala akiyawaza maneno hayo. Alfajiri alikamua ng'ombe wote kama kawaida. Alipeleka maziwa nyumbani kwa Kezironi, akasafisha vyombo. Kisha alimwambia Kezironi kwamba mwisho wa mwezi ataacha kazi, na kwamba anaomba kadi yake.

Kezironi alishangaa. Alisema watazungumza wiki ijayo. Zamani Kabanda angesema ndiyo na kurudi zizini. Safari hii alibaki amesimama. 

"Bosi, umenitendea mema, unga ulifika nyumbani kila mwezi, na ninashukuru," alisema. "Lakini kadi ni yangu. Hakuna sheria inasema ishikwe na mutu mwingine. Kama ni vigumu kunipa hapa, twende kwa mwenyekiti wa kijiji, utanipa pale."

Hakuna aliyepaza sauti. Kezironi alimtazama kama mtu anayemwona mtu mgeni. Kisha akaingia ndani, akarudi na kadi. Ilikuwa safi, ndani ya bahasha. Alisema kweli alikuwa anaitunza. Kabanda alisema anaamini hivyo. Alifanya kazi mpaka mwisho wa mwezi, akamwonyesha mchungaji mpya ng'ombe anayepiga teke, akaondoka.

Alifika nyumbani mchana. Ntwari na Uwizeye walimkimbilia. Nyirabahire alimpa mtoto. Munezero alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kisha akapiga chafya. Kabanda alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamgeukia mke wake na kumshukuru. Alisema alikwenda kutafuta chakula mbali, na yeye akakipata humu humu ndani ya nyumba.

Mwezi wa kumi ulifika. Mvua zilikuwa zimeanza, mazao mapya yalikuwa bado machanga. Ni wakati mgumu Nakivale. Watu wengi walitoka asubuhi kwenda kulima mashamba ya wengine kwa sahani ya chakula. Bei ya maharagwe ilikuwa juu sana.

Kabanda alileta bido ya kwanza uani. Marcienne na majirani wengine walikuja kuona. Alikwangua nta, akafungua kifuniko, akamimina juu ya ungo. Maharagwe yalitoka yaking'aa, mekundu, mazima, kama ya siku ya mavuno. Kulikuwa na fukusi wachache tu, wakavu, wamekufa. Nyirabahire alikaa chini. Aliyateka kwa mikono miwili, akawapitishia majirani wayaone.

Bido mbili waliamua kuziuza. Hawakungoja mnunuzi wa Rwekubo. Familia nzima ilipanda gari kwenda Mbarara. Kabanda alikuwa na kadi yake mfukoni. Barabarani gari lilisimamishwa na polisi, watu wakaonyesha vitambulisho, naye akaonyesha chake kama wengine, wakaendelea na safari. Ni jambo dogo. Lakini alitazama nje ya dirisha njia yote iliyobaki, ameridhika.

Nyumba ya Kobusingye ilikuwa karibu na lango la kambi ya Makenke. Alimwaga maharagwe juu ya sinia kubwa, akayapekua kama mtu anayetafuta kosa. Hakulipata. Wake wa askari walikusanyika, na kabla chai haijachemka bido zote mbili zilikuwa zimenunuliwa kwa bei nzuri. Jonan alitoka kazini akiwa bado na sare yake, akamsalimia Kabanda kwa mikono miwili, akaketi naye kuzungumza habari za ng'ombe.

Nyirabahire alikuwa amebeba maharagwe ya zawadi, mbali na yale ya kuuza. Aliyaweka mbele ya Kobusingye. Alikuwa ametayarisha maneno mengi njiani, lakini yalipotea.

"Mama, aksanti," alisema tu. "Ulikataa kununua maharagwe yangu. Aksanti juu ya ile siku."

Kobusingye alipokea zawadi, akamkumbatia. Alisema asimshukuru yeye peke yake. Yeye pia amefaidika, kwa kuwa sasa ana mahali pa kupata maharagwe safi wakati ambapo soko zima lina maharagwe yaliyotobolewa. Alimwomba awafundishe wanawake wengine, ili mwaka ujao apate hata zaidi. Kwa pesa ile walinunua daftari na sare za shule, jembe jipya, na majerikani mengine matupu.

Siku chache baadaye pikipiki ilisimama mbele ya nyumba yao Nakivale. Alishuka Kezironi. Nyirabahire alimkaribisha, akampa kiti, akampakulia chakula pamoja na wengine. Kezironi alikula. Kisha alieleza kilichomleta. Mchungaji mpya hawajui ng'ombe. Wawili wameacha kutoa maziwa, na mmoja aliye karibu kuzaa hataki kuguswa. Alimwomba Kabanda arudi. Alisema ataongeza unga.

Kabanda aliweka sahani chini. Ukweli ni kwamba aliwakumbuka ng'ombe wale kila alfajiri. Alimtazama mke wake. Nyirabahire alimwachia yeye aseme.

"Unga iko, bosi," alisema Kabanda. "Nitakuja juu ya ng'ombe, kwa sababu nabapenda. Nitafanya kazi kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa. Ijumaa jioni nitarudi huku, nikae na batoto, Jumapili niende kanisani. Ile siku zingine utatafuta mutu, nitamufundisha. Kadi itakaa kwangu. Utanilipa feza, siyo unga. Na maziwa kidogo ya mutoto."

 Uwizeye aliacha kutafuna.

"Na kama mimi nakataa?" aliuliza Kezironi.

"Ukikataa tutamaliza kukula, nitakusindikiza mpaka barabarani, na tutabaki marafiki."

Kabanda alilisema hilo bila hasira na bila majivuno. Kezironi alitazama sahani yake, akatazama bido zilizopangwa ukutani. Alikuwa mfanyabiashara, alielewa alichokiona. Alicheka kidogo, akanyoosha mkono.

"Sawa," alisema. "Lakini maziwa ni chupa moja, hapana mbili."

"Moja inatosha," alisema Kabanda.

Kabla ya kuondoka, Kezironi aliuliza maharagwe haya mazuri wameyapata wapi wakati huu. Nyirabahire alimweleza habari ya chumvi na chupa, tangu mwanzo mpaka mwisho, naye akasikiliza kwa makini. Kwake pia kulikuwa na fukusi.

Jioni walikaa kula. Sala ya Kabanda mezani ilikuwa ndefu siku zote, kwa sababu alikuwa na mengi ya kuomba. Aliombea unga, aliombea mvua, aliombea nauli, aliombea ruhusa. Watoto walizoea chakula kupoa huku wamefumba macho. Jioni ile alimshukuru Mungu kwa maharagwe, kwa mke wake, kwa Mama Kobusingye wa Makenke, na kwa Jumatatu inayokuja. Kisha akasema amina.

Uwizeye alifungua jicho moja, kuona kama baba amemaliza kweli. Alikuwa amemaliza. Chakula kilikuwa bado cha moto.